Somo la Wanachama: Dagaa wa Ziwa Tanganyika, Nasaba Yake na Hali Yake ya Uhifadhi



Katika daftari za mapokezi za vyama vingi vya wavuvi kuna safu moja tu ya samaki wadogo, nayo imeandikwa "dagaa". Kila ndoo na kila gunia huingizwa chini ya neno hilo, kisha mwisho wa mwezi jumla hupigwa na malipo hufanywa. Kwa hesabu ya fedha, safu moja yatosha. Kwa hesabu ya samaki wenyewe, ambao ndio mtaji wa wavuvi wote wa ziwa, safu moja haitoshi hata kidogo. Nayo yaweza kutuficha hasara mpaka iwe imekwisha kutufika.

Madhumuni ya somo hili ni mawili. Kwanza, kueleza dagaa wa Ziwa Tanganyika ni samaki wa ukoo gani, na kwa nini wataalamu humtenga na dagaa wa maziwa mengine. Pili, kueleza maana ya maneno "hali ya uhifadhi" ambayo wanachama huyasikia redioni na kutoka kwa maofisa uvuvi, na maneno hayo yanatuambia nini, na hayatuambii nini. Mwishoni tumeweka maswali ya kujadiliwa katika vikundi vya kujifunza.

1. Jina moja, samaki wengi

Neno dagaa ni neno la sokoni na la jikoni. Halikutungwa ili kutaja ukoo mmoja wa samaki. Mkazi wa pwani aitapo dagaa mchele, anataja samaki wa bahari. Mkazi wa Mwanza au Musoma anataja samaki mwingine, ambaye ndugu zetu wa Kenya humwita omena na wale wa Uganda mukene. Kwenye Ziwa Nyasa kuna usipa. Kwenye Ziwa Tanganyika kuna dagaa wetu, ambaye Burundi huitwa ndagala na Zambia huitwa kapenta.

Samaki wote hawa ni wadogo, wembamba, weupe wa kung'aa kama fedha. Wote huenda makundi makundi, huvutwa na mwanga wa taa usiku wa giza, na hukauka upesi wakianikwa juani. Kwa mnunuzi, sifa hizo zatosha kuwaweka katika pishi moja. Walakini kufanana kwa sura si ushahidi wa udugu. Popo huruka kama ndege, lakini huzaa na kunyonyesha. Vivyo hivyo samaki wanaokaa maji mapana, wanaokula vidudu vinavyoelea, na wanaowindwa na samaki wakubwa, huweza kufanana sana ingawa nasaba zao ni mbalimbali; kwa maana maisha ya namna moja huhitaji umbo la namna moja.

2. Alama za ukoo

Wataalamu huanza kwa kumweka dagaa wa Tanganyika katika kundi kubwa liitwalo Clupeiformes. Humo wamo heringi, samaki wa bahari za kaskazini aliyelisha watu wa Ulaya kwa karne nyingi; wamo pia simu wa pwani yetu, na hao dagaa mchele. Alama za heringi, simu na jamaa zao wa karibu zaweza kuonekana bila chombo chochote cha maabara:

(a) Tumbo lina ukingo wa magamba magumu yaliyochongoka, yaliyopangwa kama meno ya msumeno. Mtu akipitisha kidole tumboni kutoka mkiani kuelekea kichwani, atasikia kidole kinakwaruzwa.

(b) Ubavuni hakuna ule mstari wa vitundu vidogo ambao samaki wengi huutumia kusikia mtikisiko wa maji.

(c) Mgongoni kuna pezi moja tu, fupi, lisilo na miiba, na mkia umegawanyika kama uma.

Dagaa mchele wa bahari ni jamaa wa kundi hilo hilo, ila wao ni wa familia nyingine. Hutambulikana kwa pua iliyotokeza mbele na mdomo mpana unaopita nyuma ya jicho.

Sasa mchukueni dagaa wa Ziwa Victoria. Tumbo lake halina msumeno, na ubavuni mwake mstari upo. Huyo si wa kundi la heringi kamwe. Jina lake la kitaalamu ni Rastrineobola argentea, naye ni jamaa wa ningu. Usipa wa Ziwa Nyasa, Engraulicypris sardella, naye yuko upande huo huo wa ningu, ingawa waliompa jina hilo walimfananisha na samaki wa kundi la simu. Kwa hiyo gunia la dagaa wa Mwanza na gunia la dagaa wa Kigoma, hata yakisimama pamoja katika ghala moja, yana samaki wasio na udugu wa karibu. Maisha yao, mazalio yao na hatari zinazowakabili si za namna moja. Na kanuni iliyofaa kule haifai huku kwa sababu tu ya jina.

3. Nasaba ya dagaa wa Tanganyika

Mwanachama aliyezoea muundo wa ushirika hatapata taabu kuelewa ngazi za uainishaji. Wanachama hukusanyika katika chama cha msingi, vyama vya msingi katika chama kikuu, na vyama vikuu katika shirikisho. Kwa samaki, walio wa aina moja na wanaozaana huitwa spishi. Spishi zilizo karibu hukusanywa katika jenasi. Jenasi hukusanywa katika familia. Na familia hukusanywa katika oda. Jina la kitaalamu huwa na maneno mawili: la kwanza ni la jenasi, la pili ni la spishi.

Katika Ziwa Tanganyika neno dagaa lina spishi mbili ndani yake.

Ya kwanza ni Stolothrissa tanganicae. Huyu ni mwembamba zaidi, urefu wake hauzidi sana sentimeta 10, na hupevuka akifikia karibu sentimeta 7. Hukaa maji mapana, hula vidudu vidogo vinavyoelea, na maisha yake kwa kawaida hayapiti mwaka mmoja na nusu. Huyu ndiye dagaa hasa.

Ya pili ni Limnothrissa miodon, ambaye katika sehemu za mwambao huitwa lumbu au lumpu. Huyu ni mnene zaidi, huweza kufika sentimeta 17, na huishi muda mrefu kuliko mwenzake. Akiwa mdogo hupenda maji ya kando. Akikua huenda mbali na ufuko. Chakula chake ni cha namna nyingi, na akikua huweza kumla hata dagaa mwembamba.

Huyo wa pili ndiye aliyeandikwa kwanza vitabuni: mwaka 1906 mtaalamu George Boulenger wa makumbusho ya London alimweleza, akamweka katika jenasi nyingine ya samaki wa Afrika. Mwaka 1917 Charles Tate Regan, wa makumbusho hayo hayo, alimweleza Stolothrissa na kuzitunga jenasi mbili tunazozitumia hadi leo. Kila jenasi ina spishi moja tu, na zote mbili asili yake ni ziwa hili.

Kwa muda mrefu spishi hizi zilihesabiwa katika familia ya Clupeidae pamoja na heringi mwenyewe. Mwaka 2022 wataalamu waliolinganisha chembe za urithi za samaki wengi wa oda hiyo walipendekeza familia ile kubwa igawanywe, na dagaa wa Tanganyika sasa huwekwa katika familia ya Dorosomatidae. Mwanachama asishangae akiona kitabu kimoja kinaandika hivi na kingine vile. Samaki hakubadilika, kilichobadilika ni ujuzi wetu wa nasaba yake.

Huenda mtu akauliza: samaki wa ukoo wa bahari amefikaje katika ziwa lililo katikati ya bara? Uchunguzi wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa wahenga wake walitoka baharini wakaingia katika maji baridi ya Afrika Magharibi kati ya miaka milioni 50 na milioni 25 iliyopita. Wazao wao walienea katika mito ya bonde la Kongo, na hatimaye baadhi yao wakafika katika ziwa hili, ambalo hata leo maji yake hutoka kwa mto Lukuga kuelekea Kongo. Dagaa huyu, basi, ni urithi uliochukua mamilioni ya miaka kupatikana. Chama hakiwezi kuuagiza kutoka kiwandani ukiisha.

4. Maana ya hali ya uhifadhi

Umoja wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mazingira ya Asili, ulioanzishwa mwaka 1948, huweka daftari liitwalo Orodha Nyekundu. Humo kila spishi iliyopimwa hupewa daraja. Madaraja hayo, kuanzia lenye nafuu, ni haya: Wasiwasi Mdogo, Karibu na Tishio, Walio Mashakani, Walio Hatarini, Walio Hatarini Mno, Waliotoweka katika mazingira ya asili, na Waliotoweka kabisa. Kuna pia daraja la Takwimu Pungufu kwa spishi ambazo habari zake hazitoshi kutolea hukumu.

Katika tathmini ya mwaka 2006, Stolothrissa na Limnothrissa zote ziliwekwa katika daraja la Wasiwasi Mdogo. Wako wanachama watakaolisikia neno hilo na kusema: "Basi dagaa ni wengi, tuvue." Hapo ndipo penye kosa, na ndipo somo hili lilipo.

Orodha Nyekundu huuliza swali moja: je, spishi hii imo katika hatari ya kutoweka duniani? Haiulizi kama nyavu zitajaa mwakani, wala kama mvuvi ataweza kulipa mkopo wa mashine. Hebu tulinganishe na ushirika. Chama chaweza kuwa bado kimo katika daftari la Mrajis, hakijafutwa, kina jina, mhuri na katiba, na huku hakina senti ya kumlipa mwanachama. Kuwamo daftarini ni jambo moja. Kuwa na mali ni jambo jingine. Vivyo hivyo samaki aweza kuwa mbali na kutoweka, na bado akapungua kiasi cha kumfanya mvuvi arudi na mafuta yaliyoungua na ndoo tupu. Dagaa aweza kutufilisi kabla hajaingia katika daraja lolote la hatari.

Kuna mfano wa karibu zaidi ndani ya ziwa lenyewe. Sangara wa asili wa Ziwa Tanganyika wako spishi nne. Mmoja ni migebuka, Lates stappersii, anayemla dagaa, na ambaye naye aliwekwa katika Wasiwasi Mdogo. Wale watatu wakubwa walipungua sana baada ya kuanza uvuvi wa meli za nyavu za kuzungushia katika miaka ya 1950 na kuendelea. Leo Lates angustifrons na Lates microlepis wamo katika daraja la Walio Hatarini, na Lates mariae katika Walio Mashakani. Samaki hao wakubwa walikuwa chakula na biashara ya wazee wetu. Sasa mvuvi akimpata mmoja mkubwa, watu hukusanyika kumtazama.

Na kwa wale wasemao kwamba samaki mdogo azaaye sana hawezi kuisha, mfano uko Ufilipino. Katika ziwa moja liitwalo Taal anaishi Sardinella tawilis, jamaa wa simu aliyezoea maji baridi, asiyepatikana penginepo popote duniani. Kwa uvuvi wa kupita kiasi, uchafuzi wa maji na samaki wageni walioletwa, Orodha Nyekundu ilimweka katika daraja la Walio Hatarini, na habari hiyo ilitangazwa mwaka 2019. Ziwa Taal ni dogo mno likilinganishwa na Tanganyika, na hatusemi kuwa mambo ni sawasawa. Tunasema kwamba udogo na wingi wa mayai si ngao.

Hapa ndipo kutenganisha spishi mbili kunapokuwa na maana kubwa. Limnothrissa amehamishiwa kwingine: alipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako sasa huitwa sambaza au isambaza, na mwaka 1967 na 1968 alipelekwa Ziwa Kariba, ambako huitwa kapenta, kisha akashuka na mto Zambezi hadi Cahora Bassa huko Msumbiji. Stolothrissa hana makao mengine. Makao yake ni Ziwa Tanganyika peke yake. Daftari linalowachanganya wawili hawa chini ya neno moja linamchanganya mwenye nyumba nne na mwenye nyumba moja.

5. Mambo yanayompunguza dagaa

Katika miaka ya 1990 uvuvi wa ziwa zima ulikadiriwa kutoa kati ya tani 165,000 na 200,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilikuwa dagaa wa spishi hizi mbili pamoja na migebuka. Tangu hapo wavuvi wa nchi zote nne wamelalamika kuwa samaki wanapungua. Sababu zake ni za namna mbili, na yafaa zisichanganywe.

Namna ya kwanza ni hali ya hewa. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali palipo na kina kirefu zaidi, lakini hewa ya oksijeni imo katika tabaka la juu tu. Chini ya mita 200 hivi samaki hawezi kuishi. Mbolea ya ziwa, yaani chumvichumvi za virutubisho, imelala katika maji hayo ya chini. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji ya chini hupanda, yakaleta mbolea juani. Hapo mimea midogo ya majini huota, vidudu huila, na dagaa huvila vidudu. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi zaidi, nayo hukaa juu ya maji ya chini kama mafuta juu ya mchuzi. Upepo hushindwa kuyachanganya. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa kwa sababu hiyo uotaji wa mimea midogo ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, jambo liwezalo kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2016, uliotumia matope yaliyochimbwa chini ya ziwa, ulionyesha kuwa mabaki ya samaki yalianza kupungua kwa kadiri joto lilivyopanda tangu karne ya 19, kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza.

Namna ya pili ni mikono yetu. Watoto wa dagaa na wa lumbu hukusanyika maji ya kando, na huko ndiko kokoro na nyavu zilizoshonwa kwa vyandarua huwafagia kabla hawajazaa hata mara moja. Taa zimeongezeka, vyombo vimeongezeka, na mashine humfikisha mvuvi mahali ambapo kasia lisingemfikisha.

Joto la ziwa halipungui kwa azimio la mkutano mkuu wa chama. Kwa hiyo wako wanaosema kwamba, ikiwa kosa ni la hewa, hakuna haja ya kujizuia. Hoja hiyo imegeuzwa kichwa chini. Mkulima aliyepunguziwa mvua hachomi mbegu zake; huzitunza zaidi. Ziwa likitoa kidogo kuliko zamani, kiasi kiwezacho kuvuliwa bila kuharibu nacho kimepungua, na mavuno yaliyokuwa ya haki kwa babu huweza kuwa ya kupita kiasi kwa mjukuu.

Jambo moja linatutia moyo. Samaki aishiye mwaka mmoja na nusu hushuka upesi, lakini pia hupanda upesi akiachiwa nafasi ya kuzaa. Kosa la msimu huu tutaliona msimu ujao, na jitihada ya msimu huu vilevile.

6. Samaki mmoja, nchi nne

Eneo la ziwa limegawanywa na mipaka: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina asilimia 45, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Dagaa hana habari ya mipaka hiyo. Uchunguzi wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2019 na 2020 haukuona mgawanyiko wa makabila ya dagaa kwa kadiri ya mahali. Wale wa kaskazini na wale wa kusini huchangamana. Maana yake ni kwamba ziwa zima lina mtaji mmoja. Dagaa aliyeponea kwetu aweza kuvuliwa kwa jirani, na dagaa aliyezaliwa kwa jirani aweza kuijaza mitumbwi yetu.

Nchi hizo nne zilitia saini Mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika mjini Dar es Salaam mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ikawekwa Bujumbura. Kwa kufuata makubaliano ya nchi hizo, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hili kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024.

Miezi mitatu bila kuvua si jambo jepesi. Mvuvi ana watoto shuleni, mchuuzi ana deni, na mama anayeanika dagaa hana shamba la kukimbilia. Chama kinachomwambia mwanachama avumilie, na hakikumsaidia kuweka akiba kabla ya miezi hiyo, kimempa nusu ya ushauri. Kwa hiyo kila chama na kipange mapema: akiba ya lazima kutoka katika kila mauzo ya msimu mzuri, ratiba ya marejesho ya mikopo inayozingatia miezi ya kufungwa, na kazi za kutengeneza nyavu, vichanja na maghala katika kipindi hicho. Vilevile chama kikae tayari na takwimu zake, ili serikali na watafiti wakiuliza kama kufunga kumefaa, wavuvi wawe na jibu la daftari na si la hisia.

7. Kazi ya Katibu

Tunapendekeza daftari la mapokezi liwe na safu zifuatazo: tarehe, idadi ya vyombo vilivyotoka usiku huo, hata vilivyorudi bila kitu, uzito wa jumla wa samaki wabichi, sehemu ya dagaa mwembamba, sehemu ya lumbu, na samaki wengine. Samaki wakavu waandikwe mahali pao, wasijumlishwe na wabichi.

Si lazima kuchambua shehena nzima. Katibu achote kilo moja bila kuchagua, kutoka sehemu mbalimbali za lundo, atenge spishi mbili na kuzipima. Kisha apime urefu wa samaki 20 wa kila spishi kwa rula. Akiona kuwa dagaa wengi hawajafika sentimeta 7, ajue kuwa wanavuliwa wasiozaa.

Tuchukue chama cha mfano, kwa hesabu za kubuni. Mwaka wa kwanza vyombo vyake vilitoka safari 400, vikaleta kilo 20,000. Mwaka wa pili vilitoka safari 600, vikaleta kilo 21,000. Taarifa ya mwaka itasema mavuno yameongezeka kwa kilo 1,000, na mkutano utapiga makofi. Lakini kwa kila safari, mavuno yameshuka kutoka kilo 50 hadi kilo 35.

Sasa tutenge spishi. Mwaka wa kwanza dagaa mwembamba alikuwa kilo 15,000 na lumbu kilo 5,000. Mwaka wa pili dagaa mwembamba ni kilo 10,200 na lumbu kilo 10,800. Kwa kila safari, dagaa mwembamba ameshuka kutoka kilo 37.5 hadi kilo 17, yaani zaidi ya nusu ametoweka kwenye nyavu, huku lumbu akiziba pengo lake. Daftari la safu moja lilionyesha ongezeko. Daftari la safu mbili limeonyesha kwamba yule samaki asiye na makao mengine duniani ndiye anayekwenda. Samaki ni wale wale na mizani ni ile ile.

Nakala ya muhtasari wa kila mwezi ipelekwe kwa ofisa uvuvi wa wilaya na kwa kituo cha Kigoma cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania. Watafiti hawawezi kulala katika kila mwalo. Katibu wa chama yupo hapo kila asubuhi.

8. Maswali ya kujadiliwa

(1) Ni alama zipi mbili zinazomtenga dagaa wa Ziwa Tanganyika na dagaa wa Ziwa Victoria? Leteni samaki wa aina zote mbili mkutanoni mkazitafute.

(2) "Dagaa yumo katika daraja la Wasiwasi Mdogo, kwa hiyo hakuna haja ya kupumzisha ziwa." Jibuni hoja hii kwa maneno yenu wenyewe.

(3) Kwa nini kupungua kwa Stolothrissa ni jambo zito zaidi kuliko kupungua kwa Limnothrissa, hata kama bei yao sokoni ni moja?

(4) Tumieni daftari za chama chenu za miaka miwili iliyopita. Je, mnaweza kupata mavuno kwa kila safari? Kama hamwezi, ni safu gani imekosekana?

(5) Chama chenu kina mpango gani wa akiba kwa miezi ambayo ziwa litafungwa? Nani atausimamia?

Makatibu wanaombwa kulisoma somo hili kwa sauti katika mkutano, kwa manufaa ya wale wasiofikiwa na jarida hili, na majibu ya swali la nne na la tano yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu za chama pamoja na majina ya waliopewa kazi.